Nilivyomfuata Wifi Mbele ya Daktari

Mimi nina wivu. Nalisema mapema, msije mkadhani haya niliyafanya kwa ujinga tu. Ujinga ulikuwepo, sikatai, lakini uliotangulia ni wivu.

Wifi yangu anaitwa Kalolaine, dada mkubwa wa mume wangu Feleti. Huku kwetu Vava'u, visiwa vya Tonga, dada wa baba ndiye fahu wa watoto, na fahu hana mwenzake. Mtoto akitimiza mwaka, fahu anakaa mbele na mkeka ulio bora kuliko yote unawekwa miguuni pake. Mtoto akioa, fahu. Mtu akifa, fahu. Mimi nasuka miezi saba, vidole vinaota sugu, mgongo unakataa kunyooka, na siku ikifika mkeka unakunjwa unapelekwa kwa Kalolaine. Naye anaupokea bila hata kuutazama, kama mtu anayerudishiwa mwavuli wake. Miaka thelathini na moja hiyo. Binti yangu wa kwanza nilitaka aitwe jina la marehemu mama yangu. Fahu ndiye mwenye haki ya kutoa jina, akatoa la kwake. Kwa hiyo nikitaka kumwita mwanangu mwenyewe aje ale, napaza sauti naita, "Kalolaine!" Jamani, hebu fikirieni.

Hata kwenye ngoma ya lakalaka, ile ya mistari mirefu ya watu wazima, yeye ndiye vahenga, yule wa katikati ambaye wote tunamtazama mikono. Mimi nasimama mkono wake wa kushoto. Na sheria ya mstari ni moja: vahenga akikosea, mkosee pamoja naye. Akiinua mkono pale pa kushusha, inua na wewe, tabasamu, watu wasijue. Niliijua sheria hiyo kabla sijajua kupika.

Basi na kisukari nacho tukakipata wote wawili. Ila macho nilianza mimi. Mtacheka, lakini nilijivunia. Angalau jambo moja nilimtangulia.

Lilianza Jumapili moja nikiwa kanisani. Nikaona nyuzi nyeusi zinashuka ndani ya jicho la kushoto, nikadhani ni nywele, nikawa najipangusa uso mpaka mwenzangu akanikanyaga mguu nitulie. Kufikia wakati wa kula lile jicho halikuona hata sahani. Daktari Pulotu, daktari bingwa wa macho anayekuja kwa ndege kutoka Tongatapu, kisiwa kikuu, kila baada ya miezi minne, alilitazama kwa taa yake muda mrefu, kisha akaweka taa chini.

"Mama Toakase, hili nimelikuta limeshakwenda," akasema. "Sukari imeharibu mishipa midogo ya nyuma, imevuja, imepasuka. Limebaki la kulia. La kulia nalo limeanza kuvimba pale katikati, pale unapoonea vitu vidogo. Hili tutalipigania. Lakini siwezi kulipigania peke yangu. Mimi nachoma sindano, wewe unashusha sukari, na unaniambia ukweli. Kila mara. Sawa?"

"Sawa, mwanangu," nikasema.

Akanichoma sindano ya jicho mara tatu katika mwaka ule. Akawa ananiita mama yangu wa mikeka. Mimi na yeye tulielewana kabisa.

Halafu Kalolaine akaja.

Alikuja na gauni jeupe na ta'ovala mpya kiunoni, mkeka wangu huo, nimeusuka mimi, akakaa kwenye benchi la ukumbi wa kanisa ambako kliniki hufanyika. Macho yake yalikuwa yameanza tu. Daktari akamwambia aache nyama ya mbavu ya mafuta, atembee, apime sukari kidoleni. Na yeye, mtu huyu ambaye hajawahi kumtii mtu tangu azaliwe, akatii! Alfajiri anatembea hadi gatini na kurudi. Viazi vikuu anakula kipande. Baada ya miezi minne Daktari Pulotu akasimama mbele ya benchi zima na karatasi ya vipimo mkononi.

"Mwangalieni mama Kalolaine," akasema. "Hivi ndivyo inavyotakiwa. Mpigieni makofi."

Tukapiga. Nilipiga makofi mpaka viganja vikawaka moto, na kwa ndani nilikuwa natokota. Alishachukua mikeka yangu, na nguruwe wa karamu, na jina la mwanangu, na katikati ya mstari. Kulikuwa na mtu mmoja tu duniani aliyenitazama mimi kwanza, naye ni daktari wangu. Sasa na huyo naye!

Daktari alikuwa na orodha yake, ameipanga kwa ukubwa wa ugonjwa. Mimi wa tatu, Kalolaine wa tisa. Lakini sisi kwenye benchi tunajipanga kwa heshima, na karatasi haiwezi kutupangua. Zamu yangu ikiitwa, nilikuwa namgeukia kwa uso mtamu nasema, "Tangulia, wifi." Anatangulia. Daktari aligomba mara mbili tatu, akachoka.

Ni huko kutangulia ndiko kulikonipa akili mbaya.

Kipimo cha kwanza, kabla ya matone ya kupanua mboni, ni ile chati ya ukutani yenye herufi E nyingi. Mstari wa juu E moja kubwa, chini zinazidi kuwa ndogo. Hiyo E imelazwa huku na huku, na wewe unaonyesha kwa mkono miguu yake imeelekea wapi: juu, chini, kulia, kushoto. Kwa ajili ya joto mlango huachwa wazi. Mimi nikikaa mwisho wa benchi nilikuwa namwona Kalolaine vizuri kwa jicho langu moja, mwili mkubwa, gauni jeupe, mikono mirefu. Juu, kulia, kulia, chini, kushoto. Mtu aliyefuata mikono ile kwa miaka thelathini na moja anahitaji kuitazama mara ngapi? Mara moja tu. Niliishika kama ngoma.

Mwezi wa tatu nikaingia, nikasimama kwenye alama, nikafunika jicho bovu, nikacheza. Mstari wa kwanza hadi wa sita, bila kosa. Kwa haki yangu ilikuwa mstari wa nne, na wa nne wenyewe kwa kubahatisha.

"Ehee!" Daktari akafurahi. "Mama yangu wa mikeka! Umemfikia hata wifi yako!"

Sijui niwaelezeje utamu wa neno lile. Nilitembea nalo wiki nzima.

Alipolimulika jicho akaguna kidogo. "Uvimbe bado upo. Lakini kama unaona hivi, sindano isubiri. Mashine ya kupiga picha iko Tongatapu, siwezi kuibeba, kwa hiyo nategemea mnachoniambia nyinyi. Vichupa ninavyokuja navyo ni vichache, nawapa wale ambao macho yanashuka. Tutaonana mwezi wa saba."

Pale pale ningesema. Mdomo ulikuwa wangu. Lakini niliufungua nikasema, "Asante, mwanangu."

Mwezi wa tano mistari ya mkeka ilianza kupinda. Nilidhani mimi ndiye ninayesuka vibaya, nikafumua, nikasuka tena, ikapinda tena. Kumbe ni jicho. Mwezi wa sita nilimwaga chai ya moto mezani, kando kabisa ya kikombe.

"Umemwaga," Feleti akasema.

"Kikombe kimesogea."

"Kikombe hakina miguu, Toakase." Akafuta meza mwenyewe, polepole. "Mwambie daktari. Mficha maradhi, kifo humuumbua."

"Kamwambie dada yako hivyo."

Ukimtajia dada yake hunyamaza. Huku kwetu kaka hamsemi dada, hata chumba kimoja hawakai.

Nilikusudia kusema kweli. Naapa. Siku ya kliniki, mwezi wa saba, Feleti akanifikisha kwa lori, akabaki nje kwa sababu dada yake alikuwa ndani. Nikajiambia, leo Toakase, utasema. Tukakaa. Nikagundua Kalolaine amekaa kimya kuliko kawaida yake, nikasema huyu anaringa. Daktari Pulotu akapita na boksi lake la barafu, akatuona.

"Wawili wangu hawa!" akawaambia wengine. "Wote mngekuwa kama hawa, mimi ningekaa nyumbani nilee wajukuu wa dada yangu. Hasa wewe mama Kalolaine. Mfano!"

Mfano! Aliniita mmoja wa wawili, halafu "hasa" akampa mwenzangu. Kusudio langu lote likayeyuka hapo hapo. Mimi nikaseme sioni, mbele ya mlango ulio wazi, huyu akisikia? Ng'o! Bora nife.

Zamu yangu ikaitwa. "Tangulia, wifi," nikasema.

"Hapana, nenda wewe," Kalolaine akasema.

Nikashtuka. Hajawahi. Lakini nilihitaji mikono yake, maana daktari huigeuza chati kila anapokuja na ngoma ya mwezi wa tatu ilikuwa haifai tena. "Jamani wifi, nitawezaje kukutangulia? Watu watasemaje?"

Benchi lote likaitikia. Kweli, watasemaje. Akainuka, akaingia.

Nilikaza jicho langu. Alionyesha polepole siku hiyo, mkono unaning'inia kidogo kabla ya kwenda, nikadhani ni maringo ya vahenga. Chini. Kushoto, chini. Juu, juu, kulia. Nikaimeza yote. Akatiwa matone, akapelekwa kukaa kiti cha kando, humo humo chumbani, macho yamefumbwa.

Nikaingia mimi. Nikasimama kwenye alama, nikatazama ukutani.

Sasa sikilizeni. Ile E ya juu niliiona. Ni kubwa kama sufuria, hata mimi niliiona, japo imepinda pinda. Na miguu yake ilikuwa juu. Niliiona imeelekea juu kwa jicho langu mwenyewe. Lakini wifi alikuwa ameonyesha chini. Nikasimama hapo sekunde moja, nikasema moyoni, jicho lako ndilo bovu, Toakase, la mwenzako ni la mfano. Nikaonyesha chini. Kisha nikaendelea: kushoto, chini. Juu, juu, kulia. Nikatabasamu, kama tunavyofundishwa.

Nikasikia kalamu ya Daktari Pulotu imesimama. Akaenda akafunga mlango.

"Mama Toakase," akasema, "aliyekutangulia amekosea E kumi na mbili kati ya kumi na tano. Wewe umekosea hizo hizo kumi na mbili. Kwa namna ile ile. Hata ile ya juu, ambayo bibi yangu marehemu angeiona."

"Nani kakosea?" nikauliza, kama mjinga.

"Kaa chini."

Nikakaa. Akamwendea Kalolaine na ile taa yake. Akatazama jicho moja, akatazama la pili, akavuta pumzi. Kisha akanyoosha vidole mbele ya uso wake. "Vingapi hivi, mama?"

"Vitatu," Kalolaine akasema.

Vilikuwa viwili. Hata mimi niliviona.

"Tangu lini?" Daktari akauliza.

"Tangu Pasaka. Damu iliingia la kulia. Hili jingine lina ukungu."

"Na hukusema?"

"Ningesema vipi?" Sauti yake ilikuwa ile ile ya kuamuru. "Nilishapigiwa makofi! Halafu huyu hapa kila nikiingia amekaa mlangoni ananikodolea. Sasa hivi simwoni uso, lakini blauzi nyekundu naiona. Niseme sioni mbele ya huyu, akacheke nyumbani kwake?"

Nilitaka ardhi ipasuke. Tangu Pasaka nimemwonea wivu mtu asiyeona vidole viwili. Na nikwambieni kweli, hata hapo sikumwonea huruma kwanza. Kwanza nilikasirika. Nilikasirika kwa sababu alikuwa amenipa macho mabovu niyaige.

Daktari akasimama katikati yetu, mkono kiunoni. Ni mdogo kwetu wote, lakini siku hiyo alitusema kama wanawe. "Mimi naagiza dawa kwa yale mnayoniambia. Mwezi wa tatu mmeniambia mnaona. Nimekuja na vichupa kumi na viwili kwa watu kumi na mmoja. Kimezidi kimoja. Kimoja! Na nyinyi mko wawili." Akanigeukia. "Wewe. Mstari wa ngapi? Kweli."

Kalolaine alikuwa amekaa pale pale, hatua mbili, masikio wazi.

"Ile ya juu naiona. Nyingine sioni," nikasema. "Daktari, sioni."

Hakuna aliyecheka. Akanitia matone, akangoja, akalimulika jicho langu. Alipomaliza sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Uvimbe umekuwa mara mbili. Jicho hili likingoja hadi mwezi wa kumi na moja, litalifuata la kushoto." Akamgeukia Kalolaine. "Mama, wewe unahitaji upasuaji, damu itolewe. Nitakuandikia, wiki ijayo upande ndege uje kwangu Tongatapu, nitakusimamia mwenyewe. Sindano hii ingekusaidia kidogo, siwezi kukudanganya. Lakini yeye ana jicho moja. Nimeamua kichupa hiki ni chake."

Kalolaine akajinyoosha kwenye kiti. "Mimi ndiye fahu," akasema.

"Humu ndani orodha ni yangu, mama."

"Sikukuambia wewe, Daktari. Nimemwambia huyu."

Daktari akanitazama. "Mimi simchomi mtu jicho bila ridhaa yake. Mama Toakase, unakubali?"

Mnajua mdomo ulivyo. Umefundishwa. Nilisikia ulimi wangu wenyewe ukijipanga kusema tangulia, wifi. Miaka thelathini na moja umesema hivyo, unajua njia. Nikafikiria jicho la kushoto, lile giza lake. Nikafikiria nikiamka siku moja giza hilo liko pande zote mbili, na Kalolaine amekaa mbele akipokea mkeka, na mimi hata huo mkeka siuoni.

"Hapana, wifi," nikasema. "Hili ni langu. Nakubali, Daktari. Nichome."

Nilingoja paa lishuke. Badala yake nikamsikia anapumua kwa nguvu puani, kama anayecheka.

"Loo! Kumbe una mdomo," Kalolaine akasema. "Miaka yote hiyo unaniletea mikeka na tabasamu mdomoni na sumu moyoni. Unadhani nilikuwa sikuoni? Siku zile nilikuwa naona vizuri! Hakuna hata mkeka mmoja niliolalia kwa raha."

"Basi si ungekataa?"

"Fahu hukataa vipi?"

Nikalazwa, nikatiwa matone ya ganzi, dawa ya kahawia ikaoshwa jichoni, kikawekwa kile kichuma cha kushikilia kope. "Tazama juu," Daktari akasema. "Usisogee. Na sukari yako mama, nimeiona, ni aibu. Ni hiyo lu, majani yaliyofungwa nyama ya mkebe, na mafuta yake. Ukinidanganya tena nitakuja kukaa jikoni kwako." Nikasikia kishindo kidogo, mgandamizo, kisha viduara vyeusi vikaelea mbele yangu. Ikawa imekwisha. Akaniziba jicho na pamba.

Kwa hiyo nikatolewa nje sioni kitu. Nikaongozwa kwa mkono hadi kwenye benchi, nikakalishwa. Kalolaine akatoka nyuma yangu akipapasa ukuta, na nilijua amekaa kwa jinsi benchi lilivyolia.

Wanawake wakaanza. Mlango umefungwa kwa nini? Mmekaa sana. Kuna nini, mama Kalolaine?

"Dawa imebaki moja," Kalolaine akasema, kwa ile sauti yake inayofika hadi barabarani. "Tuko wawili. Mimi naingia upasuaji Tongatapu, macho yangu hayaoni, na ninyi jueni leo. Lakini huyu ni mke wa kaka yangu. Mimi ni fahu. Nikasema, mpeni yeye."

"Yesu wangu!" mmoja akalia. "Moyo gani huo!"

"Malie, Kalolaine! Hongera!" Benchi zima likapasuka. Kuna aliyekuwa analia kabisa, namsikia anapenga kamasi. Mtu akanigusa bega. "Toakase, una wifi wewe! Umshukuru Mungu."

Nikafungua mdomo. Maneno yote yalikuwa tayari: mwongo, hukunipa kitu, nimejitwalia mwenyewe, muulizeni Daktari. Chini ya pamba jicho lilikuwa linawasha, lina maji, lina uzima. Nikaufunga mdomo. Jicho lilikuwa limebaki kwangu, sifa akaichukua yeye.

Na sifa hiyo nayo, Mungu anisamehe, niliionea wivu.